JINSI VITA VINAVYOSIMAMISHWA: MAPATANO YA RHODES YA MWAKA WA 1949

Watu wengi wakisikia katika redio ya kwamba mataifa mawili yamekubali kuacha kupigana, hudhani ya kuwa wakubwa wa pande mbili wamekutana, wamepeana mikono, na majeshi yamekwisha kurudi kwao. Mambo hayaendi hivyo. Jeshi lililo vitani haliondoki kama watu watokao sokoni. Askari wa mbele wana adui machoni pao, na wakigeuka nyuma huenda wakapigwa migongoni. Kwa hiyo kila upande husema, "Waanze wao kuondoka, ndipo nasi tutakapoondoka." Hapo ndipo mapatano mengi yakwamapo, na hapo ndipo kazi ya mpatanishi inapoanzia.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni mapatano yaliyofanyika mwanzo wa mwaka wa 1949 katika Kisiwa cha Rhodes, kilichoko mashariki ya Bahari ya Mediteranea, karibu na pwani ya Uturuki. Yafaa kuyaeleza kwa urefu, kwa sababu mpatanishi mwenyewe hakuwa na askari hata mmoja wa kumlazimisha mtu yeyote.

ASILI YA VITA

Nchi ya Palestina ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Tarehe 29 Novemba, 1947, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikata shauri ya kwamba nchi hiyo igawanywe iwe dola mbili, moja ya Wayahudi na moja ya Waarabu. Wayahudi walikubali, Waarabu walikataa, na mapigano yakaanza. Utawala wa Uingereza ulipokwisha katikati ya Mei, 1948, dola ya Israeli ilitangazwa, na majeshi ya Misri, Yordani, Syria, Lebanoni na Iraki yakaingia vitani.

Umoja wa Mataifa ulimchagua Count Folke Bernadotte wa Sweden, aliyejulikana kwa kazi yake katika Msalaba Mwekundu, awe mpatanishi. Alifaulu kusimamisha vita kwa wiki nne, tangu tarehe 11 Juni. Wachunguzi wasiochukua silaha, maofisa kutoka Marekani, Ufaransa, Ubelgiji na Sweden, waliwekwa kutazama kama ahadi zinashikwa. Muda ulipokwisha vita vilianza tena, vikasimamishwa tena mwezi wa Julai. Kisha tarehe 17 Septemba, Bernadotte alipigwa risasi ndani ya gari lake mjini Yerusalemu na watu wa chama cha siri cha Kiyahudi kilichoitwa Lehi. Ofisa wa Kifaransa aliyeketi karibu naye, Kanali André Sérot, aliuawa pamoja naye.

Msaidizi wake, Dakta Ralph Bunche, alikuwa amecheleweshwa njiani siku ile, ndiyo sababu hakuwamo garini. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya marehemu.

DAKTA BUNCHE

Bunche alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mji wa Detroit. Mama yake alikufa angali kijana, akalelewa na bibi yake, naye akasoma kwa bidii mpaka akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1934. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki watapendezwa kujua ya kuwa katika mwaka wa 1937, alipokuwa London, alifundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, na mwaka uliofuata alifika Kenya katika safari ya uchunguzi wake. Hakuwa mwanajeshi wala mtu wa ukoo mkubwa. Silaha zake zilikuwa kalamu, uvumilivu na usingizi mchache.

Mwezi wa Novemba, 1948, Baraza la Usalama liliwataka wenye vita wote wafanye mapatano ya kuweka silaha chini. Lakini vita havikukoma mara moja. Mwisho wa Desemba majeshi ya Israeli yalivuka mpaka wa Misri na kuingia Sinai, mpaka yalipolazimika kurudi kwa kusukumwa na Uingereza na Marekani. Tarehe 7 Januari, 1949, bunduki zilinyamaza, na Misri ikakubali kutuma wajumbe. Siku chache baadaye wajumbe wa pande mbili walikwisha kufika Rhodes, wakapangishwa katika hoteli moja iliyoitwa Hôtel des Roses, kila upande katika orofa yake.

KUTENGA MAMBO

Kabla ya kuendelea, yafaa msomaji atenge mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kuacha kupigana: amri inatolewa, risasi zinakoma, lakini kila askari anabaki alipo. La pili ni mapatano ya kuweka silaha chini: hapo huandikwa mstari wa kutenga majeshi upite wapi, nani aondoke wapi, lini, na nani asimamie. La tatu ni amani yenyewe, ambayo huamua nchi ni ya nani na watu waliofukuzwa watarudi wapi. Bunche alijua ya kuwa akilitaka la tatu atakosa hata la pili. Kwa hiyo aliwaambia wajumbe wazi ya kwamba hawakuja Rhodes kuamua mipaka ya dola. Walikuja kuamua mahali pa majeshi tu.

Mzee yeyote aliyepata kuketi barazani katika kesi ya shamba atafahamu busara hiyo. Mbele ya watu walioshika mapanga, swali la kwanza si shamba ni la nani. Swali la kwanza ni kila mmoja asimame wapi wakati kesi inaposikilizwa.

Bunche alianza na mambo madogo. Mwanzo aliongea na kila upande peke yake, akichukua maneno kutoka orofa moja hadi nyingine na kuyapunguza ukali njiani. Kisha akawakutanisha chumbani kwake. Aliwataka kwanza waiandike na kuitia saini orodha ya mambo ya kuzungumzwa. Orodha yenyewe haikuwa na shida kubwa, lakini Bunche alitaka wajumbe wazoee kuona majina yao katika karatasi moja. Baadaye waliahidi ya kwamba hakuna jeshi litakaloshambulia wakati mazungumzo yanaendelea. Hivyo neno la kwanza likawa ngazi ya kupandia la pili.

FUNDO LA FALUJA

Shida iliyotaka kuvunja mkutano ilikuwa kijiji kiitwacho Faluja, kaskazini-mashariki ya mji wa Gaza. Tangu Oktoba, 1948, kikosi cha Misri chenye askari kama 4,000 kilikuwa kimezungukwa huko na majeshi ya Israeli, pamoja na wanakijiji wenyewe na wa kijiji jirani cha Iraq al-Manshiyya. Kilishambuliwa na hakikutekwa. Miongoni mwa maofisa wake alikuwamo Meja Gamal Abdel Nasser, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Misri.

Wajumbe wa Misri walisema hawawezi kuzungumza juu ya mstari wowote mpaka ndugu zao wa Faluja watoke kwanza na silaha zao. Heshima ya jeshi lao ilikuwa imefungiwa mle. Wajumbe wa Israeli walijibu ya kuwa wakiwaachilia watu wale leo, kesho hawatakuwa na kitu mkononi cha kuifanya Misri ikubali lolote. Kila upande ulikuwa na haki katika mashaka yake, na ndiyo maana jambo lilikuwa gumu.

Bunche hakuamua nani ana haki. Alikata jambo hilo vipande. Kwanza, chakula na dawa zipelekwe Faluja chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, ili mtu asife njaa wakati wa mabishano. Pili, kikosi kitoke, lakini kutoka kwake kuandikwe ndani ya mapatano yote, si kabla yake. Saini moja ifungue mlango wa Faluja na ifunge mambo mengine pia. Tatu, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wawe njiani siku ya kuondoka. Hivyo hapakuwa na aliyetangulia kutoa na hapakuwa na aliyetangulia kupokea.

Fundo la pili lilikuwa El Auja, mahali penye njia panda karibu na mpaka wa Sinai. Misri haikutaka kuona askari wa Israeli hapo, na Israeli ilikuwa imekwisha kupateka. Shauri lililopatikana ni kwamba pasiwe na askari wa upande wowote, na hapo hapo pawe makao ya kamati ya kusimamia mapatano. Gaza na ukanda wa pwani vilibaki mikononi mwa jeshi la Misri.

Mazungumzo hayo yalichukua wiki sita. Mikutano mingine iliendelea usiku kucha, kwa maana Bunche hakupenda kuwaacha wajumbe walale wakiwa karibu na kukubaliana. Alipoona hasira zimepanda, aliwaita kucheza biliadi. Husimuliwa pia ya kuwa aliagiza sahani za udongo za kisiwani hapo, zilizopambwa kuwa ukumbusho wa mkutano. Siku moja mambo yalipokwama kabisa alifungua kabati akawaonyesha. Alisema wakipatana kila mtu atapata yake, na wasipopatana atawavunjia vichwani. Wajumbe walicheka, wakarudi mezani.

Tarehe 24 Februari, 1949, saini zikatiwa. Siku mbili baadaye kikosi cha Faluja kilianza kutoka, na askari wake walipokewa Misri kwa shangwe kama mashujaa.

NANI ASIMAMIE?

Mapatano yasiyo na msimamizi ni karatasi tu. Kwa hiyo iliundwa kamati ya watu saba: watatu wa Misri, watatu wa Israeli, na mwenyekiti mmoja kutoka kwa wachunguzi wa Umoja wa Mataifa. Mtu akivuka mstari, au risasi ikipigwa, au mifugo ikiibiwa, malalamiko yalipelekwa mbele ya watu hao. Ilipowezekana waliamua kwa sauti moja. Isipowezekana, kwa wingi wa kura, na mara nyingi kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua.

Mapatano na Lebanoni yalifuata tarehe 23 Machi, na majeshi ya Israeli yakatoka katika vijiji vya Lebanoni yalivyokuwa yameviteka. Yordani ilitia saini Rhodes tarehe 3 Aprili, ingawa maneno mazito yalikuwa yamezungumzwa kwa siri katika nyumba ya Mfalme Abdullah. Syria ndiyo iliyokuwa ya mwisho, tarehe 20 Julai: majeshi yake yalikubali kuondoka katika nchi yaliyoishika magharibi ya mpaka wa zamani, kwa sharti la kuwa Israeli nayo isiingize jeshi huko. Iraki haikutia saini; iliondoa tu askari wake.

WALIOBAKI NJE YA MAPATANO

Ni lazima kusema pia kile ambacho mapatano hayo hayakufanya. Waarabu wa Palestina wapatao 700,000 walikuwa wamekimbia au kufukuzwa makwao, na hawakuwa na mjumbe katika hoteli ile. Mstari wa majeshi ulipita baina ya watu na mashamba yao.

Wanakijiji wa Faluja na Iraq al-Manshiyya walipata angalau ahadi. Katika barua zilizoambatanishwa na mapatano, Israeli iliahidi ya kuwa wale watakaopenda kubaki watakuwa salama, wao na mali zao. Jeshi la Misri lilipokwisha kwenda, raia wale walitishwa na wengine wakapigwa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika taarifa na malalamiko yakapelekwa kwa wakubwa, lakini kabla ya miezi mingi kupita vijiji vyote viwili vilikuwa vitupu. Askari walikuwa na serikali ya kuwadai, na kila hatua ya kuondoka kwao iliandikwa pamoja na saa yake. Raia walikuwa na barua.

Mwaka wa 1950 Bunche alipewa Nishani ya Nobel ya Amani, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Mwanzo alitaka kuikataa, akisema watu wa Umoja wa Mataifa hawafanyi kazi ya kupatanisha ili watunzwe, lakini Katibu Mkuu, Trygve Lie, alimshauri aipokee. Aliendelea na kazi za namna hiyo hiyo, na mwaka wa 1956, vita vilipotokea tena katika Sinai, yeye alikuwa miongoni mwa waliolipanga jeshi la kwanza la Umoja wa Mataifa la kulinda amani. Alifariki mwaka wa 1971.

Mapatano ya Misri yalisema waziwazi ya kuwa mstari uliochorwa si mpaka wa dola. Hata hivyo, mstari huo ulikaa miaka kumi na minane, mpaka vita vya Juni, 1967. Mkataba wa amani wenyewe baina ya Misri na Israeli ulitiwa saini tarehe 26 Machi, 1979, miaka thelathini na mwezi mmoja baada ya Rhodes. Wachunguzi wasiochukua silaha, walioanza kazi siku za Bernadotte, wangali na makao yao Yerusalemu hata leo.