Harufu ya Mimea na Ulinzi wa Mahindi

Mmea hauwezi kumkimbia adui wala kumfukuza, lakini haukosi silaha. Majani yake hutoa kemikali zinazogeuka mvuke upesi, nazo wadudu huzinusa kwa vipapasio vyao. Kwa harufu hizo nondo jike hutambua mmea unaofaa kutagia mayai, na kwa harufu nyingine huweza kuzuiwa asitue.

Mfano uliochunguzwa sana katika Afrika ya Mashariki ni ule wa funza wa mabua ya mahindi. Wawili wanajulikana zaidi: Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika, na Chilo partellus, aliyeingia kutoka Asia. Funza akishaanguliwa hula majani machanga, kisha hutoboa bua na kujificha ndani, ambamo dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE nchini Kenya, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walitafuta mimea ya kusaidia mahindi. Mwaka 1997 walitangaza kwamba nyasi za molasi (Melinis minutiflora), zikipandwa kati ya mistari ya mahindi, hupunguza mashambulizi ya funza. Zaidi ya hayo, huwavuta nyigu wadogo waitwao Cotesia sesamiae, ambao hutaga mayai ndani ya mwili wa funza na hatimaye kumwua. Nyasi hizo, hata zikiwa nzima, hutoa kemikali ambayo mahindi huitoa yanapoliwa. Nyigu huipokea kama habari kwamba funza wapo karibu.

Kutokana na uchunguzi huo ulitokea utaratibu wa «sukuma-vuta». Kati ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde utoao kemikali za aina hiyo, ambao pia mizizi yake huzuia gugu la kiduha. Pembezoni mwa shamba hupandwa mabingobingo. Haya, katika saa ya kwanza ya giza, hutoa harufu nyingi inayowavuta nondo. Lakini funza wengi wanaoanguliwa humo hufa, kwa kuwa utomvu wa mmea huo huwanasa.

Je, mahindi yenyewe hayawezi kujitetea? Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba baadhi ya mbegu za asili za Amerika ya Kilatini, nondo wa Chilo akitaga tu juu ya jani, hubadili harufu yao na kuwaita nyigu kabla mayai hayajaanguliwa. Mwaka 2012 tabia hiyo ilionekana pia katika mbegu za kienyeji za wakulima wa Kenya, zikiwamo Nyamula na Jowi. Mbegu chotara zilizolinganishwa nazo hazikufanya hivyo.

Yaelekea kwamba katika kuchagua mbegu kwa wingi wa mavuno peke yake, sifa hii ilipotea bila kutambuliwa, kwani haionekani kwa macho wala haipimwi kwa mizani. Kwa hiyo mkulima anayeendelea kutunza mbegu za kienyeji huhifadhi pia ulinzi ambao watafiti wa mbegu wangeweza kuurudisha katika chotara za baadaye. Mbegu hizo zikitoweka, kazi hiyo haitakuwa na mahali pa kuanzia.