Mpigaji Aliyekuja Kuifundisha Kenya

Somo la leo ni la michezo. Msije mkasema mwalimu kaishiwa masomo! Mzee mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, huo mchezo wa Wahindi wa kupiga mpira kwa ubao, unachezwaje hasa?" Siku ile sikuwa na jibu zuri. Nikaenda kusoma, na jibu lake ni hili.

Kwanza, mchezo wenyewe si wa Wahindi. Ulianza Uingereza, ila Wahindi wakaupenda kuliko hata wenyewe. Jina lake ni kriketi. Kila timu ina watu 11. Katikati ya uwanja kuna njia fupi ya mita 20 hivi, na kila mwisho wa njia vimesimikwa vijiti vitatu. Mrushaji anarusha mpira akitaka kuviangusha vijiti. Mpigaji anavilinda kwa gongo la ubao. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana nafasi, na hapo timu inahesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukibiringika mpaka nje ya uwanja, ni mikimbio 4. Ukivuka mpaka bila kugusa chini, ni 6. Timu yenye mikimbio mingi ndiyo mshindi. Mechi kubwa za mataifa huweza kuchukua siku tano. Ndiyo, siku tano, na katikati watu wanakwenda kunywa chai.

Mpira wa kriketi si kama ule wa miguu. Ni mdogo, wa kujaa kiganja, una ngozi nje, nao ni mgumu kama jiwe. Shikeni neno hilo, maana litatufaa sasa hivi.

Mtu wetu ni Sandeep Patil. Alizaliwa Bombay, India, mwaka 1956. Baba yake pia alikuwa mchezaji wa kriketi. Sandeep alianza kuichezea India mechi za siku tano mwaka 1980. Alikuwa mpigaji mwenye nguvu, tena asiyependa kungoja.

Mwezi wa Januari 1981 India ilikuwa Australia. Mjini Sydney, Patil alikuwa amekwisha pata mikimbio 65, na kichwani hakuvaa kofia ngumu. Mrushaji Len Pascoe akatupa mpira wa kasi uliodunda juu, ukampiga Patil sikioni. Akaanguka, akatolewa nje. Mtu mwingine angesema basi, gongo naliweka chini. Lakini wiki tatu baadaye, mjini Adelaide, alisimama tena mbele ya warushaji walewale, safari hii na kofia ngumu, akapata mikimbio 174. Tazameni hapo: ushujaa aliutumia, na kofia pia akaivaa.

Mwaka 1982 mjini Manchester, Uingereza, alimpiga mrushaji Bob Willis mikimbio 4 mara sita katika zamu moja ya kurusha. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1983, India ilitwaa Kombe la Dunia mjini London. Ilipata mikimbio 183, na West Indies, waliokuwa wakiogopwa na kila mtu, wakapata 140. Patil alikuwamo, akachangia 27.

Sasa tunafika mahali penye uchungu. Desemba 1984, mjini Delhi, India ilikuwa ikijaribu kujiokoa dhidi ya Uingereza. Kilichotakiwa ni subira. Patil akapiga kwa pupa, mpira ukadakwa, akatoka. India ikashindwa. Kapil Dev, aliyekuwa nahodha wakati wa Kombe, naye alitoka kwa pupa hiyohiyo, na wote wawili wakaachwa mechi iliyofuata. Kapil Dev alirudishwa. Patil hakuitwa tena katika mechi za siku tano. Alikuwa na miaka 28 tu, amecheza mechi 29. Mimi naona adhabu ilikuwa kali mno, ila wengine hawakubali.

Aliendelea kucheza mechi za nyumbani, kisha akashika kazi ya ualimu wa timu. Mwaka 1996 alipewa timu ya taifa ya India kwa muda mfupi. Baadaye akaja kwa majirani zetu, Kenya.

Kombe la Dunia la 2003 lilichezwa Afrika Kusini, na mechi chache Zimbabwe na Kenya. Timu ya New Zealand ilikataa kwenda Nairobi ikihofia usalama, hivyo Kenya ikapewa pointi bila kucheza. Wapo waliosema Kenya ilibebwa. Lakini tarehe 24 Februari, Nairobi, ilikuja Sri Lanka, mabingwa wa mwaka 1996. Kenya ikapata 210. Kisha kijana wa miaka 21, Collins Obuya, akaanza kurusha mipira ya polepole, ile inayopinda ikigusa chini. Akawatoa wapigaji watano. Sri Lanka ikaishia 157. Huko nani alimbeba mwenzake?

Kenya ikazifunga pia Canada, Bangladesh na Zimbabwe, ikaingia nusu fainali. Na nani akawangoja huko Durban tarehe 20 Machi? India! Patil akakaa upande wa Kenya, akiitazama nchi aliyoichukulia Kombe miaka 20 nyuma. India ilipata 270. Nahodha wa Kenya, Steve Tikolo, alijitahidi akapata 56, lakini timu nzima ilifika 179. Safari ikaishia hapo. Hata hivyo, kabla ya hapo hakuna timu isiyoruhusiwa kucheza zile mechi za siku tano iliyowahi kufika nusu fainali.

Baada ya Kombe lile Patil alirudi kwao, na kuanzia 2012 hadi 2016 aliongoza kamati inayochagua wachezaji wa India. Kenya ikaingia migogoro ya malipo na uongozi, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi yake katika mechi za kimataifa za siku moja.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kenya iliishinda Sri Lanka kwa mikimbio mingapi? India iliishinda Kenya kwa mingapi? Andika hesabu zako.
2. Zamu ya Bob Willis ilimpa Patil mikimbio mingapi kwa jumla?
3. Je, ilikuwa haki kumwacha Patil mwaka 1984? Kila mmoja aseme sababu yake.