SOMO LA UTUMISHI: KUPANGA HATUA ZA AJIRA KATIKA MFUMO WA KOMPYUTA

Watumishi wa umma na wananchi wa visiwa vya Delta ya Rufiji wanaarifiwa kwamba ukurasa huu, ambao kwa kawaida hutangaza nafasi za kazi, leo unaeleza yale yanayofuata baada ya tangazo kubandikwa ubaoni. Mwombaji aliyekwisha kutuma maombi yake huuliza jambo moja tu: maombi yangu yamefika wapi? Swali hilo ni la haki. Ofisi iliyopanga hatua zake sawasawa hulijibu kwa sentensi moja, na ofisi isiyopanga humwambia mwananchi arudi wiki ijayo.

Zamani maombi yalipita masjala. Barua iligongwa mhuri wa kupokelewa, ikaandikwa katika rejista, ikatiwa jaladani, na mwenye kutaka kujua hatima yake alimfuata karani. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliundwa kwa kifungu cha 29 cha Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kama ilivyorekebishwa kwa Sheria Na. 18 ya mwaka 2007, na sasa maombi hupokelewa kwa njia ya mfumo wa kompyuta uitwao Ajira Portal. Halmashauri nazo, zikipata kibali cha kuajiri, hupokea maombi kwa njia hiyo. Karatasi zimepungua, lakini kazi ya karani wa masjala haikufutika: bado kuna mtu anayepaswa kuamua kila ombi likae katika fungu gani, na kwa sababu gani.

Hatua katika mfumo ni kama trei juu ya meza. Kila trei iwe na swali lake moja, na ombi lisitoke humo mpaka swali hilo limejibiwa. Hatua ya kwanza huuliza: je, nyaraka zimekamilika? Ya pili: je, mwombaji ana sifa zilizotangazwa? Maswali haya mawili huchanganywa mara nyingi, na hapo ndipo haki hupotea. Chukulia nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, ambayo hudai elimu ya kidato cha nne au cha sita pamoja na mafunzo ya fani kama utawala, sheria au elimu ya jamii. Mwombaji wa Kiongoroni amehitimu mafunzo hayo, ila amepakia hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Kwa mujibu wa masharti ya matangazo, hati ya matokeo haikubaliwi, na afisa yuko sahihi kulizuia ombi hilo. Lakini akiliweka katika fungu la "hana sifa", atakuwa ameandika uongo. Mwombaji huyo atajiona hafai kazi ile na hataomba tena, ilhali alichopungukiwa ni karatasi moja iliyomo sandukuni nyumbani kwao.

Isidhaniwe kwamba ukali juu ya vyeti ni ukaidi wa ofisi. Taarifa ya uhakiki iliyokabidhiwa kwa Rais mjini Dodoma mwezi Aprili mwaka 2017 ilionyesha watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kila mmoja wao alikuwa amekalia nafasi ambayo mwingine aliiomba kwa cheti halali. Kwa hiyo hatua ya nyaraka ifanywe kwa makini, na ifanywe mapema, kabla mtu hajauza mbuzi apate nauli ya kwenda kwenye usaili.

Usaili wa kuandika, wa vitendo na wa mahojiano hauhitaji maelezo mengi hapa. Alama za hatua moja zifungwe kabla ya inayofuata kuanza, na kila mjumbe wa jopo aandike alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Atakayebadili hatua ya mwombaji ndani ya mfumo ajulikane kwa jina na tarehe. Anayetumia neno la siri la mwenzake "kwa kumsaidia tu" amefanya sawa na aliyempigia mwenzake mhuri.

Kuna fungu moja linaloonewa mno, nalo ni la waliofaulu wakakosa nafasi. Hawa si walioshindwa. Majina yao hutunzwa katika kanzidata, na nafasi ikipatikana huweza kupangiwa kituo bila kusailiwa upya. Kwa maeneo kama delta fungu hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa hutokea aliyepangiwa kituo asiripoti. Kama waliofaulu wamechanganywa na walioshindwa, kijiji kitabaki bila mtendaji au zahanati bila tabibu, na majina yanayofaa yamo humo humo ndani ya kompyuta. Aidha, tangazo lenyewe lisizidishe tatizo hilo: kama kituo cha kazi ni Maparoni, liandikwe Maparoni, lisiishie kutaja Kibiti, ili anayeomba ajue tangu mwanzo kwamba ataishi kwa kufuata maji kujaa na kupwa.

Hapa tunafika kwenye muda kati ya hatua na hatua. Mpangaji aliyeko mjini huweka siku tano kwa kuwa ujumbe wa simu hufika papo hapo. Ni kweli ujumbe hufika, ila mtu hafiki upesi namna hiyo. Mwombaji wa visiwani hungoja maji ndipo boti ipite vijito, huvuka hadi Nyamisati, hushika barabara ya Bungu, na akiitwa Dodoma huwa bado hajafika hata Dar es Salaam. Wakati wa bamvua vijito hupitika kwa saa kadhaa, na wakati wa maji mafu vingine havipitiki kwa chombo kikubwa. Kalenda ya mwezi inajulikana mwaka mzima, hivyo si vigumu kwa afisa kuitazama kabla ya kupanga tarehe. Mwombaji aliyekosa siku ya usaili kwa sababu hiyo huandikwa "hakufika", na rekodi hiyo haisemi kamwe kwamba tarehe ndiyo iliyokuwa mbaya. Pale usaili unapofanyika mikoani kwa kufuata makazi ya mwombaji, safari hupungua sana. Kwa hiyo anayeishi delta ahakikishe akaunti yake inaonyesha anapoishi sasa, isiwe bado inataja mji aliosomea chuo.

Kwa upande wa waombaji, kosa linaloleta hasara kubwa hutendeka dukani kwa mwenye steshenari. Kijana huvuka na vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki, naye mwenye duka, kwa haraka au kwa wema, humfungulia akaunti kwa baruapepe ya duka na neno la siri analolijua yeye. Miezi ikapita, kijana anaitwa kwenye usaili, na namba ya mtihani imo ndani ya akaunti asiyoweza kuifungua. Baruapepe na namba ya simu ziwe za mwombaji mwenyewe, na neno la siri aliandike daftarini kwake. Kitambulisho cha Taifa kinahitajika tangu kujisajili. Asiye nacho asingoje tangazo litoke ndipo aanze kukitafuta.

Mwisho, waombaji watazame majina yao. Jina likiandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa namna nyingine kwenye cheti cha shule, kama inavyotokea kwa majina yetu mengi ya pwani, msailiwa hutakiwa kuwa na hati ya jina iliyosajiliwa kisheria. Hati hiyo haipatikani kwa siku moja, na barua ya Mtendaji wa Kijiji haichukui nafasi yake.