Somo: Kutayarisha Dirisha la Dawa Kabla ya Majira ya Mafua

Leo tutaongea juu ya mahali ambapo kila mama anapita akileta mtoto hospitali: dirisha la dawa. Wengi wanalijua kwa sababu ya mstari wake. Wanauliza, "Juu ya nini watu ni wengi hivi, na mgawa dawa ni mmoja tu?" Ni swali zuri. Jibu lake halianzi leo asubuhi, linaanza miezi miwili au mitatu nyuma.

Waangalieni wavuvi wetu hapa Kalemie. Ndagala wanavuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haiwavuti samaki vizuri, basi wavuvi wanakaa pwani, wanashona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Hakuna mvuvi mwenye akili anayeanza kushona wavu usiku ule ndagala wamefika. Farmasi ni vile vile. Kazi ya kutayarisha inafanywa wakati dirisha liko kimya.

MAFUA MAKALI YANAKUJA LINI?

Mafua makali, yale wengi wanaita gripe, yanaletwa na virusi. Mtu anashikwa kwa ghafula: homa, kichwa, mwili mzima kuuma, kikohozi. Wengi wanapona kwa juma moja hivi. Lakini mtoto mdogo, mama mwenye mimba na mzee wanaweza kuzidiwa, hasa ugonjwa ukishuka mpaka kwenye mapafu.

Ulaya majira yake ni wazi: yanakuja na baridi yao, mwezi wa 12 mpaka wa 2 au wa 3. Kwetu karibu na ikweta si hivyo. Virusi vinaweza kuzunguka mwaka mzima na kupanda mara moja au mara mbili. Kule Madagaska mwaka 2002 gripe ilipanda mwezi wa 7 na wa 8, wakati wa baridi yao, ikaua watu zaidi ya 700, wengi katika vijiji vilivyo mbali na waganga. Kumbe katika nchi yetu, huko Kwango, mwaka 2024 kikohozi kibaya kilikuja pamoja na mvua. Habari za Kwango tutazirudia chini.

Kwa hiyo mgawa dawa wa Kalemie hawezi kufuata kalenda ya kitabu kilichoandikwa Ulaya. Kalenda yake ni daftari la wagonjwa. Anafungua kurasa za miaka mitatu nyuma na kuhesabu mwezi kwa mwezi: watoto wangapi walikuja na kikohozi, wangapi walipumua mbio, wangapi walilazwa. Hapo anaona ni mwezi gani dirisha litajaa. Ndiyo sababu muuguzi anakuuliza miaka ya mtoto, na kikohozi kimeanza siku gani. Mama akijibu "tangu juzi tu" ili amalize haraka, anaharibu hesabu ya mwaka ujao, na tena anamdanganya muuguzi juu ya mtoto wake mwenyewe.

HESABU YA DIRISHA

Tufanye hesabu pamoja, kama sokoni. Tuseme kila mama anahitaji dakika 3 dirishani: kusoma karatasi yake, kutafuta dawa, kuhesabu vidonge, kumweleza, na kumwomba arudilie maneno. Wamama 60 ni dakika 180, yaani saa tatu. Mtu mmoja anaweza. Majira ya mafua yakifika, tuseme wamama wanakuwa 180. Sasa ni saa tisa bila kula, bila kupumzika. Mtu mmoja hawezi.

Basi atafanya nini? Hatapunguza vidonge, sababu vimeandikwa. Atapunguza maneno. Atasema "mara mbili, siku tano, mwingine!" na mama ataondoka na pakiti mkononi bila kujua kama ni mara mbili kwa siku au vidonge viwili kwa mara moja. Kwa mawazo yetu, hatari kubwa ya mstari mrefu ni haya maneno yanayokatwa kuliko hata miguu kuuma. Dawa nzuri isiyoelezwa inaweza kumwacha mtoto mgonjwa, au kumzidisha.

Na mgawa dawa aliyechoka anaweza kushika kopo lisilo lake. Kotrimoksazoli ya watu wakubwa ni miligramu 480, ya watoto ni 120. Jina ni moja, na vidonge vyote ni vyeupe. Mtu mpya aliyeitwa siku ile ile kusaidia, bila kufundishwa, ndiye anayechanganya kwa upesi zaidi.

Kwa hiyo hospitali inayopanga vizuri inafanya haya mapema. Konji za watu wa farmasi zinapangwa kwenye miezi ya kimya, si kwenye miezi ambayo daftari limeonyesha. Muuguzi wa pili anafundishwa kazi ya dirisha mbele, akikaa kando ya mwenye kujua, mpaka anazoea makopo na karatasi. Jioni vidonge vinahesabiwa na kutiwa katika pakiti ndogo, kila pakiti na jina la dawa, nguvu yake na tarehe, ili asubuhi wakati wote ubaki kwa maelezo. Juu ya pakiti wanachora jua linalopanda, jua la katikati au mwezi, kwa mama asiyesoma. Na lazima awepo mtu wa akiba, kwa sababu gripe haiogopi koti jeupe: wagawa dawa nao wanashikwa, na mwenye kukohoa hapaswi kusimama dirishani mbele ya watoto wachanga.

Dawa nazo zinaombwa mapema. Kalemie si mbali tu, iko mbali kwa njia mbaya. Mzigo wa Lubumbashi unategemea reli au barabara, na wa ng'ambo unategemea chombo cha kuvuka ziwa. Dawa inayoombwa siku kopo linapoisha inafika kikohozi kimekwisha pita.

Kuna shida moja ya hapa kwetu ambayo vitabu vya mbali havina. Mji wetu unajulikana kwa kipindupindu kinachorudi-rudi. Kikilipuka, wauguzi wanatolewa kwenda kuwasaidia wanaoharisha, na dirisha linabaki na mtu mmoja. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika nyumba za watu. Nyakati za namna hiyo maji yanachafuka na watu wanalala wengi chumba kimoja, basi kuhara na kikohozi vinaweza kuja pamoja. Mpango wa watu wa farmasi usiowaza kipindupindu, hapa Kalemie, ni mpango nusu.

HABARI ZA PANZI

Mwisho wa mwezi wa 10, mwaka 2024, katika eneo la afya la Panzi, jimbo la Kwango, watu walianza kuugua homa, kichwa na kikohozi, na wengine walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa watoto chini ya miaka 5. Redio za dunia nzima zilisema ni ugonjwa usiojulikana. Watu walitishika sana.

Vipimo vilipofanywa, haukuonekana ugonjwa mgeni. Ilikuwa malaria, pamoja na virusi vya kikohozi, gripe ikiwa mojawapo, juu ya watoto waliokuwa wamedhoofika kwa kukosa chakula. Mvua ilikuwa imeanza, barabara kutoka Kinshasa ilikuwa safari ya siku mbili hivi, na dawa na wauguzi walikuwa wachache. Magonjwa yenyewe ni yale yale tunayoyajua hapa Kalemie. Yaliyokutana nayo ndiyo yalileta vifo.

MTOTO GANI ASINGOJE MSTARI?

Hospitali ikipata mtu wa kutembea kando ya mstari akiangalia watoto, ni vizuri sana. Asipokuwepo, wewe mama ndiye jicho la kwanza. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, hajalia na hanyonyi. Angalia tumbo likipanda na kushuka, hesabu dakika moja kamili kwa saa au kwa simu.

Mtoto asiyefika miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni mbio.
Miezi 2 mpaka mwaka 1: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 mpaka miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Pumzi ya namna hii pamoja na kikohozi inaweza kuwa nimonia, na nimonia inahitaji dawa leo, si kesho. Mtoto ambaye sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani akivuta pumzi, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au anayelala bila kuamka vizuri, huyo ana hatari kubwa. Mtoto mchanga asiyefika miezi 2 akiwa na homa, ni hatari pia. Usione haya. Pita mbele, sema kwa sauti: "Munganga, mutoto wangu anapumua mbubaya!" Na ninyi wengine mlio mbele, mwacheni apite. Kesho anaweza kuwa wa kwenu.

MTOTO WA MAFUA TU

Mtoto anayekohoa, pua zinatiririka, lakini anacheza, ananyonya na kupumua vizuri, hahitaji antibiotiki. Antibiotiki haiui virusi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mkubwa mpe maji ya moto kidogo, supu ya samaki, uji. Safisha pua kwa kitambaa laini chenye maji safi ya chumvi kidogo kabla ya kunyonya. Kama mwili ni moto, mlete apimwe malaria, maana hapa kwetu homa haijulikani kwa kugusa tu. Paracetamoli inapunguza homa, kwa kipimo ulichoandikiwa. Aspirini usimpe mtoto mwenye gripe hata kidogo.

Zile tetrasikilini zinazouzwa barabarani rangi mbili, ziacheni. Zinaharibu meno ya watoto yanayoota, na gripe haziigusi.

Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga ya vijidudu vinavyoleta nimonia mbaya. Zinapatikana bila kungoja majira. Mama anayezimaliza katika miezi ya kimya anapunguza mstari wa miezi ya kikohozi, na mtoto wake ana nafasi nzuri ya kutokuwa ndani ya mstari ule.

Siku ya kuja, leta kadi ya mtoto na pakiti za dawa alizokunywa, hata kama ni tupu. Ukifika dirishani, usiondoke kabla hujarudilia maneno: dawa gani, ngapi, mara ngapi, siku ngapi. Mgawa dawa akionekana ana haraka, mwambie pole pole, "Baba, unielezee tena." Hizo dakika 3 ni za mtoto wako.