Somo la Ufundi: Kufunga Milango Yote ya Gari kwa Mara Moja

Safari hii somo letu linahusu gari. Vijiji na vyama vya ushirika vikiwa na gari, mara nyingi ni moja tu, nalo ni Land Rover au Land Cruiser ya zamani. Gari hilo hubeba mbegu, hubeba dawa za zahanati, na usiku hubeba mgonjwa. Dereva akiteremka lazima alizunguke gari zima na kufunga mlango mmoja mmoja. Mvua ikinyesha, au akiwa na haraka, mlango wa nyuma husahauliwa. Asubuhi dawa hazipo.

Katika magari ya siku hizi dereva hufunga mlango wake tu, na milango mingine yote hujifunga. Mafundi huiita sentro loki. Land Rover ya One Ten ilianza kuuzwa mwaka 1983, na Land Cruiser za aina ya 70 zilianza mwaka 1984. Nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani bila kitu hicho. Lakini vifaa vyake huuzwa katika maduka ya vipuri mjini, na fundi umeme wa magari anaweza kuvifunga. Sisi tunataka muelewe vinavyofanya kazi, ili mkimlipa fundi mjue mnalipia nini.

Ukitoa ubao wa ndani wa mlango utaona ufito mwembamba wa chuma. Ufito huo unatoka kwenye kitufe cha kufungia na kwenda kwenye kitasa. Ukibonyeza kitufe, ufito unashuka na kitasa kinafunga. Ukikivuta, kitasa kinafungua. Sasa fundi hufunga mota ndogo kando ya ufito huo. Mota nayo ina ufito wake, unaosogea sentimita mbili hivi. Umeme ukiingia kwa upande huu, mota inasukuma. Umeme ukigeuzwa, inavuta. Basi, ni hayo tu. Mota inafanya kazi ya kidole chako.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza siyo umeme, ni vitasa. Gari la shamba lina vumbi na grisi iliyoganda. Kama kitufe kinataka nguvu ya dole gumba, mota itashindwa, au itachoka upesi. Osheni vitasa, vitieni mafuta, mpaka kitufe kishuke kwa kidole kimoja. Mlango wa nyuma uangalieni zaidi. Tairi la spea likining'inia juu yake miaka mingi, mlango huinama na kitasa hakikutani sawasawa na chuma chake. Hapo nyoosheni bawaba kwanza. Kuweka mota kwenye mlango ulioinama ni kazi bure.

Mota ikae sambamba na ufito wa kitasa, isivute kwa mshazari. Na kabla fundi hajatoboa tundu la skurubu, ateremshe kioo mpaka chini, kisha akipandishe. Mota iliyowekwa kwenye njia ya kioo itakivunja siku ya kwanza.

Sasa waya. Kwa kawaida mota ya mlango wa dereva ina waya tano, na mota nyingine zina waya mbili mbili. Waya mbili ni za kusukuma na kuvuta. Zile tatu za ziada ni za swichi, ambayo hukiambia kisanduku cha kuongozea kwamba dereva amefunga au amefungua. Kisanduku kikipata habari hiyo, hupeleka umeme kwenye milango yote kwa muda mfupi sana, kisha hunyamaza. Kama mlango mmoja unafungua wakati mingine inafunga, msishtuke. Waya zake mbili zimebadilishana mahali, fundi azigeuze.

Kabla ya kununua, fundi apime umeme wa gari. Vifaa vingi vya dukani ni vya volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani hutumia volti 24. Msihesabu betri na kukisia, maana kuna magari yenye betri mbili ambayo ni ya volti 12 vile vile.

Tukae kidogo kwenye fyuzi, kwa kuwa hapa ndipo gari huungua. Fyuzi ni kipande cha waya dhaifu kilichowekwa makusudi, kikatike kabla waya nyingine hazijapata moto. Waya unaoingia mlangoni unapinda kila mlango unapofunguliwa. Ukipita kwenye tundu la bati bila pete ya mpira, bati litaukata ganda taratibu. Siku moja shaba itagusa bodi, na bodi la gari ni njia ya umeme ya kurudi kwenye betri. Nguvu yote ya betri itapita hapo. Kama kuna fyuzi, itakatika. Kama hakuna, waya utawaka ndani ya gari lenye mgonjwa na dumu la dizeli. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, siyo chini ya usukani, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kipimo chake kifuate karatasi ya vifaa. Fundi akisema ataweka waya mnene badala ya fyuzi, tafuteni fundi mwingine.

Waya wa kurudi ufungwe kwenye chuma kilichopigwa msasa mpaka king'are. Katika Land Rover za zamani mabati mengi ya bodi ni alumini, na fremu ni ya chuma. Vitu hivyo viwili vikigusana penye unyevu huliwa na kutu nyeupe, na umeme haupiti vizuri.

Rimoti inapatikana pia. Kwa gari la kijiji sisi hatuioni kuwa na faida kubwa, kwani hupotea. Ufunguo unatosha.

Jambo la mwisho ni betri ikifa. Mota haitafanya kazi, kwa hiyo ufunguo na vitufe vya ndani lazima viendelee kufungua kwa mkono. Msikubali fundi avikate vitufe eti mwizi asivivute. Kabla gari halijatoka gereji, mtu mmoja aketi nyuma, milango yote ifungwe, kisha fundi atoe waya wa betri. Aliye ndani ajifungulie. Baada ya hapo mwingine afungue kwa ufunguo kutoka nje. Wote wawili wakiweza, rudisheni waya wa betri na mmalizieni fundi fedha yake.