Tezi, Omo na Ngama: Somo Nililolipata Majini Watamu



Nilipokuwa kidato cha pili niliandika insha nikaimalizia kwa methali "Tezi na omo marejeo ni ngamani." Mwalimu akatia alama ya vyema kwa wino mwekundu, nami nikavimba kichwa wiki nzima. Ukweli, na leo nautoboa mbele yenu, ni kwamba sikujua tezi ni nini, wala omo, wala ngama. Tezi niliyoijua mimi ni ile ya shingoni. Nilijua tu kwamba methali hiyo husemwa kuhusu mtu aliyetembea kote akarudi kwao, na katika chumba cha mtihani hilo latosha. Baharini halitoshi hata kidogo, na nusura nilipe kwa roho yangu na ya mwenzangu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mwalimu mlezi wa chama alikuwa ametuahidi ziara ya Pwani tangu muhula wa kwanza, na ahadi ni deni. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, wote watu wa bara, wengine hawajawahi kuiona bahari ila katika kalenda. Tulipofika Watamu tulikabidhiwa kwa mwongozaji mmoja, mzee mkakamavu aliyeanza uvuvi utotoni na sasa huwatembeza wageni kwa kayaki. Sisi tulimwita Nahodha, naye akatuita "wanangu".

Kayaki, kwa wasioijua, ni mtumbwi mwembamba uliobuniwa na Wainuit wa nchi za barafu kama vile Greenland. Wao waliunda kiunzi kwa magogo yaliyoletwa na maji au kwa mifupa ya nyangumi, kisha wakakivika ngozi ya sili. Zetu zilikuwa za plastiki, za watu wawili wawili, na unakaa juu yake wala si ndani. Zina matundu sakafuni ya kumwagia maji. Mimi niliogopa matundu hayo kuliko papa! Kumbe sakafu iko juu ya usawa wa bahari, na ndani ya plastiki mna hewa tupu, kwa hiyo maji yakiingia kwa wimbi hutokea hapo hapo.

Alfajiri, ufuoni, Nahodha alitufundisha. Hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Alipoinua kile kijiti chenye bapa pande zote mbili akakiita kafi, mimi, mwenyekiti mzima wa Chama cha Kiswahili, nikanyosha kidole kumsahihisha. "Mzee, si tuseme kasia?"

Alicheka. "Kasia hutiwa kwenye kishwara, mwanangu, kitanzi cha kamba kilichofungwa kwenye ubavu wa mashua. Mvutaji hukaa kaipa mgongo njia yake. Kafi huna pa kulifunga, walishika kwa mikono miwili na uso wako uko mbele uendako. Sasa, nani amekuja kumfundisha mwenzake?"

Wenzangu walicheka hadi wakashika mbavu. Badala ya kujifunza, nikanuna. Nilinuna nikiuchora mchanga kwa kidole cha mguu, na maneno yake yaliyofuata yakapita kama upepo. Baadaye niliambiwa kwamba alisema hivi: mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Aketiye omo ndiye atoaye mwendo, na aliye tezi humfuata mwendo huo na ndiye mwenye kuelekeza. Tezi akipiga kafi kwa upana upande wa kushoto, omo huelekea kulia. Akipiga kulia, omo huja kushoto. Na wimbi lisipigwe ubavu, lipigwe na omo. Basi. Hata mtoto wa nasari angeshika.

Mimi niliwekwa tezi. Omo akaketi mwenzangu wa dawati, msichana mpole asiyependa makuu.

Tulitoka saa kumi na mbili unusu, maji yakikaribia kujaa pomoni. Umande ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu, na umande, wenzangu, si ule wa kwenye nyasi tu. Kwa mabaharia ni upepo wa asubuhi utokao barani kwenda baharini. Kusi, upepo wa miezi hiyo, huamka baadaye jua likipanda, ndiyo maana Nahodha alitaka tuwe tumemaliza mapema.

Tukafuata pwani kwenda kusini. Kulia kwetu kulikuwa na majabali meusi yaliyochongoka kama meno ya msumeno. Si mawe ya kawaida hayo. Ni matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya maji miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Ukisogea karibu waona umbo la kila tumbawe jiweni, kama nyuki walivyoacha masega yao. Mawe ya namna hii ndiyo yaliyojengea mji wa Gede, ambao magofu yake yako kilomita chache kutoka hapo. Miguuni mwa majabali, mawimbi na viumbe watafunao mawe wamekula mwamba kwa ndani hadi kukawa na uvungu, na visiwa vidogo vimebaki vimesimama kama uyoga. Maji yakijaa unaweza kupenya na kayaki chini ya kofia la mwamba. Lakini wimbi likikuinua, ole wa kichwa chako.

Upande wa kushoto, mbali kidogo, tuliona mstari mweupe wa povu. Huo ni mwamba ulio hai, ukingo unaovunja mawimbi makubwa kabla hayajatufikia. Sehemu hiyo ni Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Malindi. Huruhusiwi kuokota hata kombe. Nahodha alituonyesha kasa aliyetoa kichwa, akavuta pumzi kama mzee aliyekatizwa usingizi, akazama zake.

Sasa njooni kwenye kizaazaa chenyewe.

Mimi na mwenzangu tulikuwa tukizozana tangu tutoke. Akipiga kulia, mimi napiga kushoto, makafi yanagongana, kayaki inalala huku, inalala huku. Darasani tunasema "mipango imeenda mrama" kuhusu hata chai ikikosa sukari. Kumbe mrama ni jambo la kuonekana kwa macho: ni chombo kuyumba ubavu kwa ubavu, kimekosa utulivu. Na "manahodha wengi chombo huenda mrama" si fumbo. Ni taarifa tu! Sisi tulikuwa wawili na tayari tulikuwa wengi mno.

Kwa mizozo hiyo tulibaki nyuma. Chini ya mwamba mmoja nilisimamisha safari kabisa nimwonyeshe mwenzangu jinsi ya kushika kafi, mimi niliyekuwa nimelijua jina lake asubuhi ile. Msaidizi wa Nahodha, kijana aliyekuwa akifunga msafara, alitusihi twende. Wapi! Dakika zikayoyoma, na maji hayamngoji mtu.

Hapa lazima niwaeleze maji. Kwa kawaida bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila kujaa au kupwa kukichukua saa sita na dakika chache. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu yanafuata mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Kenya tofauti yaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Siku yetu mwezi ulikuwa umepevuka siku chache tu nyuma, bamvua haijaisha. Na mwisho wa safari yetu ulikuwa Mida, hori kubwa lililozungukwa na mikoko, mikandaa na michu, lenye mdomo mwembamba. Maji yote yaliyoingia humo usiku hutokea mdomoni humo humo asubuhi. Piga picha ya ukumbi wetu siku ya gwaride, kengele imelia, mlango ni mmoja.

Wenzetu walipita mdomoni mapema wakiwa wameshika ukingo, wakatia nanga ya miguu kwenye mchanga ulio ndani kidogo. Sisi tulifika saa tatu na ushei. Kusi kalikuwa kameamka. Mkondo unatoka, upepo unaingia, na vitu hivyo viwili vikikutana mawimbi husimama wima, mafupi na yenye hasira. Nahodha alikuwa amerudi kutungoja. Alipaza sauti, "Shikeni ukingo!" Ukingoni, karibu na mwamba, maji yana huruma kidogo. Lakini mimi niliona njia ya mkato katikati, nikaona nitawafikia wenzangu kwa haraka na kufuta aibu. Tukakata katikati.

Ghafla ufuo ukaanza kurudi nyuma, ingawa tulikuwa tukipiga kafi kwa nguvu zetu zote. Tulikuwa tukisukumwa nje, kule kwenye povu jeupe.

"Tezi!" Nahodha akapiga kelele. "Tezi, piga kushoto! Omo juu! Omo juu!"

Wanachama wenzangu, nawaapia, mkono wangu ulikwenda shingoni. Tezi? Nani ana tezi? Mwenzangu akageuka akaniambia, "Ni wewe!" Nami badala ya kupiga kushoto nikapiga kulia. Omo ikageuka, ikaufuata mkondo, ubavu ukakaa mbele ya wimbi. Wimbi la kwanza lilitulaza. La pili likatumwaga.

Maji hayakuwa baridi, hilo nalikumbuka. Jaketi la kuelea lilinirusha juu kama kizibo, pua imejaa chumvi. Mwenzangu alitokea upande wa pili wa kayaki iliyopinduka, macho yamemtoka pima. "Sijui kuogelea," akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba msamaha. Miaka mitatu tumeketi dawati moja nami sikuwahi kumwuliza. Asubuhi ile Nahodha aliuliza pia nani hajui kuogelea. Yeye aliona haya kuinua mkono baada ya kuona nilivyochekwa mimi nilipoinua wangu.

Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, si kupinduka.

"Msikiache chombo!" Nahodha alikuwa keshafika. Kayaki haizami, hivyo mtu aishikaye hazami. Alituambia tukae upande mmoja, tushike ukingo wa mbali, tuvute kwa uzito wetu pamoja. Ilipogeuka, mimi nikaishikilia upande huu, mwenzangu akapanda upande ule kwa tumbo, kama anayepanda ukuta mfupi, kisha akazungusha miguu akaketi. Halafu yeye akainamia upande wake nami nikapanda. Kafi langu lilikuwa limeokotwa na yule kijana.

"Sasa msipigane na maji," Nahodha akasema. "Mkondo ni kama barabara, una kingo zake. Tokeni barabarani kwanza." Akatufundisha kuukata mshazari: usielekeze omo mahali unapotaka kufika, ielekeze juu zaidi, mkondo wenyewe utakurudisha chini hadi hapo. Alipoita "Tezi!" safari hii, nilijibu, "Naam!" Alipoita "Omo!" mwenzangu akatoa mwendo nami nikaufuata, moja, mbili, moja, mbili, bila kutia neno. Tulitoka kwenye mkondo, tukafika maji yaliyotulia kando ya mwamba, tukapanda polepole ukingoni hadi mchangani. Mwalimu mlezi alikuwa amesimama majini hadi magotini na viatu vyake.

Baada ya chai ya moto nilijikaza nikamwomba Nahodha anifafanulie methali yangu. Alichukua kijiti akachora mashua mchangani. Hapa omo, hapa tezi. Na hapa chini kabisa tumboni, ndani, ni ngama. Maji yakirukia omo hutiririka hadi ngamani. Yakirukia tezi, ngamani vile vile. Ndipo mabaharia huyafua kwa upo na kuyarudisha baharini. Ukitaka kujua chombo kinavuja, hutazami omo wala tezi, unatazama ngama.

Kisha akaziangalia kayaki zetu zilizopangwa mchangani, na matundu yao. "Lakini hivi vyenu havina ngama," akasema. "Ndiyo maana leo mlikosa pa kurejea." Mwenzangu ndiye aliyecheka wa kwanza.

Kesho yake maji yalichelewa kidogo kujaa, kama ilivyo desturi. Nahodha aliuliza tena nani hajui kuogelea. Mikono minne ikainuka, wa mwenzangu ukiwa wa kwanza, wala hakuna aliyecheka. Wanne hao walipewa maji ya ndani ya Mida, kati ya mikoko, mahali unapoweza kusimama. Niliomba niende nao. Nilipofika kwenye kayaki, mwenzangu alikuwa ameshaketi tezi, kafi magotini, ananingoja. Nikaenda nikakaa omo.