Upinde wa Kadiri: Somo la Nguvu na Nishati kwa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwalimu anapofundisha mada ya nguvu, aghalabu huanza kwa kuandika ubaoni kwamba nguvu ni kusukuma au kuvuta, kisha huwataka watoto wakariri. Watoto hukariri, hujibu mtihani, na baada ya muda mfupi husahau. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, walimu wamehimizwa kuyatumia mazingira ya mtoto kuwa chanzo cha somo. Shida ya mwanachuo wengi haiko katika kulikubali wazo hilo. Iko katika kupata kifaa kimoja kitakacholibeba somo zima, tangu swali la kwanza hadi tathmini.

Katika makala haya tumechagua upinde wa kuwindia, na juu yake tumeweka swali moja: mpiga mishale achague upinde mgumu kiasi gani? Swali hili tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, jibu wanalolitoa watoto wengi ni kwamba achague ulio mgumu kuliko yote. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake laweza kuonyeshwa kwa ndoo ya maji na rula. Pili, katika baadhi ya shule zetu wamo watoto wa jamii za wawindaji, ambao husikia ujuzi wa wazazi wao ukitajwa kwa dharau. Mtoto asikiaye hayo hujifunza kunyamaza darasani. Somo hili humpa nafasi ya kusema analolijua, na neno lake likapimwa kwa vipimo vilevile vinavyopima maneno ya wenzake.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Tuanze na maana. Ugumu wa upinde hupimwa kwa nguvu inayohitajika kuuvuta upote mpaka pale mpiga mishale anapouachia. Nguvu hiyo tutaiita uzito wa kuvuta. Watoto wasije wakauchanganya na uzito wa mti wenyewe: upinde unaoweza kubebwa kwa vidole viwili waweza kumshinda mtu mzima kuuvuta.

Uzito wa kuvuta hauna maana usipotajwa pamoja na umbali. Kadiri upote unavyorudishwa nyuma, ndivyo nguvu inayohitajika inavyozidi. Watengenezaji wa pinde za kisasa huandika uzito huo kwa paundi, wakiupima mshale unapokuwa umevutwa inchi 28, yaani karibu sentimita 71. Mtu mwenye mikono mifupi hafiki hapo, kwa hiyo upinde ulioandikwa paundi 50 si wa paundi 50 mikononi mwake. Ndiyo maana twasisitiza kwamba kila mtoto apime kwa urefu wa mkono wake mwenyewe.

Upinde uliovutwa ni ghala ya nishati. Misuli ya mkono hufanya kazi polepole, mti uliopindwa huitunza kazi hiyo, na upote unapoachiwa sehemu kubwa ya nishati huhamia kwenye mshale kwa ghafla. Sehemu nyingine hubaki katika upinde na upote, ambao hutikisika na kutoa mlio. Mshale mzito huchukua sehemu kubwa zaidi ya nishati kuliko mshale mwepesi, ingawa hauendi kasi kama ule mwepesi. Kutokana na hayo mtoto ataelewa onyo la wajuzi wa upinde: usiachie upote pasipo mshale. Nishati isipopata mshale wa kuichukua hurudi katika mti wenyewe, na mti huweza kuvunjika.

Mifano kutoka kwa wawindaji

Wahadzabe huishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde akiwa bado mdogo sana. Upinde huo ni mdogo kama yeye, naye huwalenga ndege na wanyama wadogo. Anapokua, upinde hubadilishwa na ukubwa na ugumu wake huongezeka. Mishale nayo ni ya namna mbalimbali: ya mti mtupu kwa wanyama wadogo, yenye chembe za chuma, na yenye sumu kwa wanyama wakubwa. Hivyo mwindaji huamua mambo matatu kwa pamoja, yaani mkono wake, mshale wake na mnyama wake.

Waata wa mashariki mwa Kenya, ambao katika vitabu vya zamani huitwa Waliangulu, walisifika kwa kuwinda tembo. Pinde zao zilihesabiwa miongoni mwa pinde ngumu kabisa za uwindaji, kwani uzito wake wa kuvuta uliweza kupita paundi 100, yaani zaidi ya kilo 45. Ugumu huo ulikuwa na sababu. Walitumia sumu inayotokana na mti wa msunguti, ambayo huushambulia moyo. Lakini sumu haifanyi kazi mpaka ifikie damu, na ngozi ya tembo ni nene. Upinde ulihitajika kuupenyeza mshale, kisha sumu ikaendelea na kazi. Mtu hakufika katika upinde wa namna hiyo kwa siku moja, bali kwa mazoezi ya miaka mingi.

Mambo ya namna hiyo yalijulikana Ulaya pia. Jahazi la kivita la Kiingereza liitwalo Mary Rose lilizama mwaka 1545, na gofu lake likainuliwa kutoka baharini mwaka 1982. Kutoka humo zilipatikana pinde nzima 137, na nyingi kati yake hukadiriwa kuwa zilihitaji zaidi ya paundi 100 kuvutwa. Mhubiri wa zama hizo, Hugh Latimer, alieleza katika mahubiri yake mbele ya mfalme mwaka 1549 kwamba baba yake alimnunulia pinde kulingana na umri na nguvu zake, na alivyozidi kukua ndivyo pinde zilivyozidi kuwa kubwa. Twaona basi kwamba baba wa Kiingereza wa zama za kale na baba wa Kihadzabe walifikia uamuzi mmoja, pasipo kufahamiana.

Siku hizi baadhi ya serikali zimeliweka jambo hili katika sheria. Katika jimbo la Alaska nchini Marekani, kanuni za uwindaji hutaka upinde wa paundi zisizopungua 40, karibu kilo 18, kwa kulungu mdogo, na zisizopungua 50, karibu kilo 23, kwa nyati wa nchi hiyo. Kanuni hizo hulinda mnyama asije akajeruhiwa tu na kufia porini kwa mateso. Upinde hafifu mno una hatari hiyo. Upinde mgumu mno unayo pia, kwa kuwa mkono unaotetemeka hukosea shabaha.

Maandalizi ya somo

Somo hili lafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi, na huhitaji vipindi viwili vinavyofuatana. Madhumuni ni kwamba mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze: (a) kupima uzito wa kuvuta wa upinde, (b) kuchora mchoro wa nguvu na umbali, (c) kueleza, kwa kutumia vipimo, kwa nini upinde mgumu kuliko yote huenda usiwe bora kwake.

Vifaa ni hivi: pinde mbili ndogo za mti, mmoja laini na mwingine mgumu zaidi, ndoo, chupa ya lita moja, maji, kamba, rula ya mita moja, na karatasi za miraba. Pinde zaweza kutengenezwa na mzee mjuzi wa kijijini, naye aalikwe kuwaeleza watoto jinsi anavyochagua mti. Mishale haihitajiki katika vipimo, na kwa watoto wa umri huu twashauri isiletwe darasani.

Hatua za kufundishia

Hatua ya kwanza: swali. Mwalimu aonyeshe pinde mbili na kuuliza, “Ungepewa mmoja, ungeuchukua upi? Kwa nini?” Majibu yote yaandikwe ubaoni bila kusahihishwa.

Hatua ya pili: kupima. Upinde ufungwe kwa kamba kwenye tawi au boriti, mahali pa kushikia, upote ukiwa upande wa chini. Ndoo tupu ipimwe kwanza kwenye mizani, kisha ining’inizwe katikati ya upote, karibu na ardhi. Watoto waongeze maji kidogo kidogo, wakikumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Baada ya kila nyongeza, mmoja wao asimame pembeni na kupima upote umeshuka sentimita ngapi kutoka mahali pake pa mwanzo. Asisimame mtu mbele ya upinde wala chini yake, na upinde usivutwe kupita kiasi ambacho mtengenezaji wake ameruhusu.

Hatua ya tatu: kuchora. Tuchukue mfano wa kurahisisha hesabu. Upinde A ulishuka hivi: kilo 1.5 kwa sm 10, kilo 3 kwa sm 20, kilo 4.5 kwa sm 30. Kilo 6 kwa sm 40. Upinde B ulihitaji mara mbili: kilo 3, 6, 9 na 12 kwa umbali uleule. Kila upinde utatoa mstari unaokaribia kunyooka, na mstari wa B utapanda kwa ukali zaidi. Vipimo vya watoto havitanyooka kama mfano wetu, hasa mwishoni mwa mvuto. Mwalimu asiwafundishe kuvirekebisha ili vipendeze, waandike walichokiona.

Hatua ya nne: kupambanua. Hapa ndipo kiini cha somo. Mwalimu amchukulie mtoto ambaye mkono wake unaweza kuvuta kilo 6 tu bila kutetemeka. Kwa upinde A, mtoto huyo hufika sm 40. Kwa upinde B, hukwama sm 20. Mkono ni uleule na nguvu ya mwisho ni ileile. Je, nishati iliyohifadhiwa ni sawa?

Jibu limo katika mchoro. Nishati ni eneo lililo chini ya mstari, nalo ni pembetatu. Kwa kuwa nguvu ya kilo moja ni karibu niutoni 10, kilo 6 ni niutoni 60. Upinde A: nusu ya 60, mara mita 0.4, ni jouli 12. Upinde B: nusu ya 60, mara mita 0.2, ni jouli 6. Upinde laini uliovutwa kikamilifu umehifadhi nishati mara mbili ya upinde mgumu uliovutwa nusu. Darasa lisiloweza hesabu hii lihesabu miraba iliyo chini ya kila mstari. Jibu litakuwa lilelile.

Sasa mwalimu arudi kwenye majibu ya ubaoni na kuwaacha watoto wenyewe wayasahihishe. Kisha ageuze swali: ni nani angenufaika na upinde B? Watasema ni yule awezaye kuuvuta mpaka mwisho, na watakuwa wameeleza kwa nini Waata walihitaji miaka ya mazoezi kabla ya kumkabili tembo.

Kanuni ya uchaguzi

Katika kufunga kipindi, darasa liandike kanuni fupi. Upinde unaofaa ni ule ambao mwenyewe anaweza kuuvuta hadi mwisho wa mvuto wake, akautuliza huku akihesabu polepole hadi tatu, akarudia mara kadhaa bila mkono kutetemeka na bila kuupindisha mgongo. Akiisha kulimudu hilo, ndipo atazame mnyama na mshale. Upinde anaoumudu usipotosha kwa mnyama fulani, asimwinde mnyama huyo mpaka atakapokuwa ameongeza nguvu kwa hatua ndogo ndogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tahadhari

Mwalimu aweke wazi kwamba somo hili si ruhusa ya kwenda kuwinda. Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na nchini Tanzania sheria hutaka kibali. Habari za sumu zitajwe kwa kadiri ya kueleza sababu ya ugumu wa upinde tu. Namna ya kuitengeneza isiwe sehemu ya somo. Aidha, mwalimu mwenye mtoto wa jamii ya wawindaji darasani asimlazimishe kuwa kielelezo mbele ya wenzake. Amwulize faraghani kama angependa kueleza jambo, na akikataa, iwe basi.

Tathmini na kazi kwa mwanachuo

Wanafunzi waulizwe: (1) Upinde umeandikwa paundi 40 kwa inchi 28. Kwa nini huenda usiwe na paundi 40 mikononi mwako? (2) Kwa nini haifai kuachia upote pasipo mshale? (3) Mtoto anaweza kuvuta kilo 9. Kwa kutumia mchoro wa upinde B, atafika sentimita ngapi, na atahifadhi jouli ngapi?

Kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo apime pinde mbili yeye mwenyewe na kuhifadhi mchoro wake, maana mwalimu ambaye hajapata kuishika ndoo hiyo hatajua la kujibu mtoto atakapomwambia kwamba mstari wake umepinda. Kisha atafute kifaa kingine cha mahali anapokwenda kufundisha, kama vile manati, mtego wa samaki au mzani wa mchuuzi, na akitungie swali moja ambalo jibu lake la haraka si sahihi.